Mama Alivyonitoa Dukani

Nilikuwa nauza mabati, saruji na misumari pale mtaa wa Mfaranyaki, na biashara ilikwenda vizuri. Sikuwa na sababu ya kuiacha. Siku moja akaingia dada mmoja kutafuta kamba. Alikuwa anatengeneza filamu ya wakati wa Mjerumani, vita vya Maji Maji vilipofika huku kwetu. Alinikuta namfokea mpakiaji aliyeangusha mfuko wa saruji. Akanitazama, akasema, "Kaka, sauti hiyo ndiyo naitafuta. Naomba uwe askari wangu."

Nilicheka. Jumamosi nikaenda hata hivyo.

Walinivika kaptula ya kaki na kofia yenye kitambaa cha kuning'inia shingoni. Kazi yangu ilikuwa kuchoma akiba ya chakula, kama walivyofanya askari wa Mjerumani ili watu washindwe kwa njaa. Kihenge cha mahindi kilisukwa kimoja tu, kwa hiyo hapakuwa na kurudia. Niliwafokea akina mama tuliokuwa tunaigiza nao, nikapeleka mwenge kwenye nyasi za kihenge. Moto uliposhika, mmoja wao akaangua kilio bila kuelekezwa na mtu. Niliendelea kufoka mpaka tukaambiwa basi. Miaka yote ya dukani sikuwahi kujisikia vile.

Mama yangu alikuwa kati ya watazamaji, maana tulipigia picha karibu na kwake. Nilipomfuata na nguo zile zile, akageuza uso.

"Kavue kwanza," alisema.

Nilivua, nikarudi na shati langu. Tukakaa barazani.

"Umechoma vizuri," akasema. "Lakini filamu yenu inaishia kwenye moto. Sisi tumezaliwa na waliobaki. Bibi yangu alikuwa mtoto wakati ule. Alitusimulia walivyokuwa wakichimba mizizi porini, wanailoweka mtoni, wanapika, kisha wanaimba. Mbona hao hamuwaonyeshi?"

"Waliimba, na njaa ile?"

"Sasa wangefanyaje? Watoto walikuwa wanaogopa giza."

Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima. Nikiwa napima nondo, naona watoto wale. Mwishowe nikamwambia mke wangu kwamba nataka kutengeneza filamu yangu mwenyewe, na zaidi ya moja kama nitaweza.

"Na dukani atakaa nani?"

"Wewe."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Lakini usije kuniingilia." Na kweli, mikononi mwake duka lilichangamka kuliko enzi zangu.

Kamera niliazima kwa yule dada. Waigizaji walikuwa majirani wa mama, na mama mwenyewe alicheza kama mwanamke anayeongoza wenzake porini. Nilipojaribu kumwelekeza namna ya kushika jembe, alinitazama mpaka nikarudi nyuma ya kamera.

Filamu tuliionyesha kwenye ukumbi wa parokia, tumetundika shuka nyeupe ukutani. Ilipofika sehemu ya kuimba, kina bibi waliokaa mbele wakaitikia, kisha ukumbi mzima. Nilisimama mlangoni, machozi yananitoka, nacheka.

Mama alinivuta mkono. "Mbona umenifanya mzee hivi?"

"Ni kamera, mama."

"Haya. Filamu nyingine unitafutie na mume. Awe mrefu, na awe anajua kucheza ngoma."

Nilimwahidi nitamtafuta.