Spika Iliyonifanya Niitike

Siku hizi spika za shughuli zina magurudumu na mkono wa kuvutia, zinawaka taa za kila rangi, na kila muuzaji anakuapia kwamba yake ndiyo yenye sauti. Sauti zinayo, sikatai. Mimi huuliza sauti ya nani.

Binti wa kaka yangu alipokaribia kuolewa, mimi shangazi yake nilikabidhiwa kazi ya kutafuta spika. Umeme wetu wa Bagamoyo tunaujua, kwa hiyo tulitaka ya kuchaji, ya blutuu, inayoweza kuburutwa mpaka uani. Mwali mwenyewe hakuwa na makuu. Alitaka jambo moja tu: siku ya singo, wanawake watakapokaa kumsugua na kumwimbia, bibi yake naye awepo.

Bibi huyo ni mama yangu, na tulikuwa tumeshamzika. Kilichobaki ni ujumbe mmoja wa sauti kwenye simu yangu, alionitumia kutoka shambani kwake Kerege. Mama aliamini Kerege ni mbali sana, kwa hiyo kila akishika simu alipaza sauti: "Mwanangu wee! Mbona hupokei? Mwambie huyo mwali wako, liwa la singo yake nitalisaga mwenyewe, asije akapakwa la dukani. Mjukuu wangu wee! Unasikia lakini?" Kisha anacheka. Simu yangu ikiucheza, mama anatoka mwembamba kama mtu aliyefungiwa kabatini. Katika ua uliojaa wanawake wa mtaa wetu wa Dunda, asingesikika hata na kuku.

Nikaenda dukani na wifi yangu, mama wa mwali. Wifi alishachagua kabla hatujavuka mlango: lile dubwana lenye taa. Muuzaji akaliwasha na muziki wake, vioo vya kabati vikaanza kulia.

"Sikia besi hiyo, mama. Mpaka kifua kinatetemeka!"

"Kifua changu kina pumu, mwanangu, usikitetemeshe. Hebu zima, nicheze wangu."

Nikaunganisha simu. Mama akatoka na sauti ya mwanamume mwenye mafua. Wifi akasema si mbaya. Nikamwambia kama ndivyo anavyomkumbuka mkwewe, basi hakuwahi kumsikiliza hata siku moja.

Spika ya pili ilikuwa kali, kila neno linachoma sikio. Ujumbe ule mama aliutuma kwa furaha, lakini mle ndani akawa anagomba. Ya tatu ilimfanya mtangazaji wa mpira. Muuzaji alianza kuchoka na mimi, na wifi alishakaa juu ya boksi akijipepea kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimeingiwa na hofu. Niliona nitarudi nyumbani na spika ya kupigia muziki, na mwali wetu atasuguliwa bila bibi.

Chini ya kaunta palikuwa na nyingine, nene, haina taa hata moja, imejaa vumbi. Muuzaji aliitoa shingo upande. Nikabonyeza simu huku nimempa mgongo, natafuta leso ya kufutia jasho. Kwanza nikasikia bangili za mama. Halafu pumzi ikipenya kwenye pengo la jino lake la mbele.

"Mwanangu wee!"

"Abee!"

Niliitika kwa sauti, nikageuka. Kwetu mwanamke akiitwa na mkubwa wake haulizi nani wala kwa nini, anaitika abee, na mdomo wangu ulikuwa umefundishwa hivyo kabla sijaota meno. Muuzaji akachungulia nje kumtafuta aliyeniita. Wifi alicheka mpaka boksi likabonyea, kisha akaniona machozi yakinitoka, akasema tuchukue hiyo hiyo. Tulitoka nayo mpaka kando ya barabara kwanza, nisikie kama kuta za duka hazinidanganyi. Bodaboda zilipita, na mama bado alikuwa mama.

Siku ya singo mwali alikaa mkekani amefunikwa kanga, kichwa chini. Mwali hasemi neno. Akithubutu, shangazi aliyekaa nyuma yake anamfinya, na shangazi ndiye mimi. Liwa lilipokuwa tayari nikanyamazisha ngoma, nikabonyeza simu. Mama akaingia uani na bangili zake. Waliokuwa wakipiga soga wakakatisha. Akasema maneno yake ya liwa, watu wakacheka naye.

"Mjukuu wangu wee! Unasikia lakini?"

"Abee, bibi!" sauti ikatoka chini ya kanga.

Ua wote ukanigeukia mimi, wananingoja nifinye. Sikumfinya. Kaitwa na bibi yake, mlitaka akae kimya?