Kibanda Kilichoombewa Ruzuku

Kijiji kizima kilimwita Mama Mashine, wala si kwa utani. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na mmoja sasa, yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga ya dizeli, peke yake. Alifunga mkanda, alichonga mawe yalipokuwa butu, na kwa kusikiliza tu alijua kama injini imekunywa mafuta machafu. Unga ulimkaa kwenye nyusi kutwa nzima. Hakuwa mwongeaji, ila alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya kijiji, aliingia kibandani akitabasamu mpaka magego. Mama Mashine machale yakamcheza.

"Shemeji, neema imetufikia!" alisema, akipaza sauti kuishinda injini. "Serikali inatoa ruzuku kwa vijiji vidogo kama chetu. Umeme wa jua! Tutasaga bila tone la dizeli. Wewe tia sahihi hapa tu, kama mtaalamu wetu."

Akamkabidhi karatasi. Ilikuwa moja tu, na juu yake pameandikwa: ukurasa wa saba.

Mama Mashine alizima injini. "Kurasa sita za mwanzo ziko wapi?"

"Aa, hizo maelezo tu. Ziko ofisini."

"Basi na sahihi yangu itazifuata huko huko ofisini."

Shemeji alicheka kicheko kilichoishia kooni, akaikunja karatasi, akatoka bila kuaga.

Siku ile nzima mama wa watu alisaga huku akili haiko kwenye unga. Mbona shemeji hakumtazama usoni hata mara moja? Macho yake yalikuwa darini, ukutani, mlangoni, kama fundi anayekadiria kazi. Na wiki iliyotangulia alimfuma nje ya kibanda amenyanyua simu, eti anatafuta mtandao. Halafu hiyo serikali yenyewe: imeshindwa kuleta chaki shuleni, leo ilete jua bure?

Hakumwambia mtu. Kesho yake alifunga kibanda, akashika njia mpaka ofisi ya wilaya.

"Mama, faili hatutoi hovyo hovyo," alisema karani wa masjala, bila kuinua uso.

"Sitaki unitolee, mwanangu. Nitalisomea hapa hapa."

Akakaa kwenye benchi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Kila karani alipoinua macho, alikutana na mama yule yule, mkoba magotini, anamtazama. Saa nane karani alishusha pumzi, akalichomoa faili na kulisukuma mezani.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha. Mlango wa kijani alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Chini ya picha pameandikwa kwa mashine: *Jengo la kijiji. Halina mmiliki binafsi.* Na nakala ya ule ukurasa wa saba, bado haina sahihi, ilisema kwamba mtia sahihi anathibitisha kuwa yote yaliyotangulia ni kweli.

Alikisoma kile kijistari mara tatu. Kumbe alikuwa akiombwa akigawe kibanda chake kwa mkono wake mwenyewe!

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji darasani. Injinia wa mradi, binti mwenye viatu vilivyojaa vumbi, alikuwa bado anaeleza habari za betri Mama Mashine aliposimama.

"Shemeji, kibanda cha kaka yako kimekuwa cha kijiji tangu lini?"

Shemeji alijifuta jasho.

"Shemeji, sikutaka kukuibia, wallahi. Walitaka jengo lililo tayari, lenye paa imara. Sisi tuna lipi? Siku zilikuwa zimebaki mbili. Nikajua nikikuomba, utakataa."

"Kwa hiyo ukaona uniibie kwa adabu."

Nyuma mtu alicheka, lakini wengi walinuna, tena walimnunia Mama Mashine. "Kwani hicho kibanda kitaliwa?" alinong'ona jirani yake, mwanamke ambaye yeye alikuwa akimsagia kwa mkopo mwaka mzima.

Injinia alilifunga daftari lake. "Maombi yenye taarifa ya uongo siwezi kuyapeleka. Yarekebishwe. Ila awamu hii mmeikosa."

Miezi minane iliyofuata ilikuwa michungu. Watu waliona heri kubeba magunia mpaka kijiji cha pili kuliko kupita mlangoni kwake. Salamu zikawa za mkato. Yeye alikaa kibandani akijiuliza kama kweli shemeji alitubu, au alifumwa tu. Jibu hakulipata.

Awamu ya pili walikubaliwa. Safari hii mkataba alisomewa kurasa zote saba, naye akazirudia mwenyewe: mashine mpya na paneli ni za kijiji, kibanda ni chake na kimepangishwa, mwendeshaji ni yeye. Siku ya kufunga paneli alipanda ngazi na orodha mkononi, akazikagua moja baada ya nyingine. Ya tisa ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, hii hata mimi nisingeiona," alisema injinia, akaagiza nyingine.

Sasa mota inavuma taratibu kiasi kwamba watu wanaongea bila kupiga kelele. Wamerudi wote, hata jirani. Shemeji alikuwa wa mwisho. Aliingia na debe lake la mahindi, akasubiri mpaka watu wakaisha.

"Shemeji, niambie ukweli. Ningekuomba vizuri, ungekubali?"

Mama Mashine alikung'uta unga mikononi. Alifikiri sana, maana swali hilo alishajiuliza mwenyewe.

"Sijui," alisema. "Ungeniomba, tungejua."

Akalipokea debe, akamimina mahindi mashineni. Shemeji alisimama kando kusubiri unga wake.