Kipande Alichokinenepesha Shangazi

Shangazi yangu alichora kuta za shule kwa miaka ishirini na sita, na sheria yake ilikuwa moja: mtoto wa dawati la mwisho lazima aone. Mbu alimchora mkubwa kama kuku. Mishipa ya damu aliinenepesha ikawa kama mipira ya kumwagilia bustani. Hakuna aliyelalamika, tulijifunza, na mbu tulimwogopa sawasawa.

Mwaka ule mwalimu mkuu alimpa karatasi yenye duara la kuchora kwenye ukuta wa ukumbi: moshi wa dunia nzima, wa viwanda, magari na matanuri, umegawanywa kwa maeneo. Wenzetu wa mbali walikuwa na vipande vya kushibisha ukoo. Eneo letu lilikuwa na kijistari tu. Shangazi akafanya alivyozoea. Alikinenepesha kipande chetu, akakipaka rangi nyekundu, akaosha brashi zake na kurudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye kamati ya mtaa ikaitisha mkutano katika ukumbi wa shule, kujadili kufungwa kwa tanuri la matofali. Tanuri lenyewe ni la baba yangu, kaka yake. Lilitulisha na kutusomesha, na moshi wake, sisemi uongo, uliwakera majirani. Shangazi aliposikia kwamba watu watakaa mbele ya duara lake, chakula kilimshinda.

Tulipoingia alinishika mkono. Mwenyekiti alikuwa amesimama ukutani, fimbo mkononi.

"Jamani, mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Tunawalaumu watu wa mbali kumbe na sisi tumo, kipande kinono kama chao! Wanaotaka tanuri lifungwe, wanyooshe mikono."

Baba alitazama viatu vyake. Hesabu za maduara hazijui, aliona wekundu tu. Mikono ikaanza kupanda.

"Shangazi, si ulisema chetu ni chembamba?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza, mwanangu."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilitaka kumsukuma asimame, lakini akasimama mwenyewe.

"Mwenyekiti, samahani. Kipande hicho nimekinenepesha mimi. Nilitaka wa nyuma waone."

"Umekinenepesha kiasi gani?"

Alikwenda ukutani, akatoa kipimapembe mkobani, akapiga mstari wa chaki juu ya ule wekundu, pale kipande kilipopaswa kuishia.

"Hatuoni!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Si ndiyo maana!" akasema shangazi, na machozi yakamtoka.

Watu walicheka, na mikono ikashuka. Tanuri likapona, kwa sharti kwamba baba arefushe bomba la moshi. Mwalimu mkuu hakucheka. Alitazama duara, kisha mbu, kisha mishipa ya damu, na mwezi huohuo akatafuta mchoraji mwingine. Habari zikasambaa. Hakuna shule iliyomwita shangazi tena.

Baba hajui kusema asante. Alimjengea ukuta uani, kwa matofali ya tanuri lilelile, na shangazi akachora duara upya kwa vipimo vyake halisi. Rangi ilikauka zamani. Hata hivyo kila nikienda namkuta na kipimapembe, anapima kipande chetu.

"Njoo uniangalizie, mwanangu," huniambia. "Hakijanenepa?"