Mwalimu Aliyeoa Shamba la Pamba

Nimewajua wazungu wakatili, na wapo niliowaogopa. Orrin Wadleigh sikuwahi kumwogopa. Yeye nilimdharau tu.

Alikuja kwetu Kusini, kwenye shamba la pamba karibu na Mto Yazoo, kuwafundisha kusoma watoto wa mjane Lavinia Sledge. Alitoka Vermont, huko Kaskazini ambako watu hawauzwi. Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba ile na mashati yake niliyafua mimi, kwa hiyo nilimjua kuliko alivyodhani.

Alikuwa hajamaliza hata wiki alipomwona mnyapara akimchapa Mjomba Isom kwa kuvunja jembe. Akakimbilia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akalia mpaka kamasi zikamtoka.

"Keziah, hii ni dhambi," akasema. "Kwetu tunaomba kila Jumapili utumwa ukomeshwe."

"Na mashati mnayovaa Jumapili hiyo, bwana, pamba yake inatoka wapi?"

Akapenga kamasi, akaomba mkate wa mahindi. Nikampa.

Mdogo wangu Phebe alimwonea huruma. "Angalau huyu analia, dada."

"Hata mimi hulia nikikata vitunguu," nikamjibu.

Mwaka haukuisha, akamwoa mjane. Asubuhi ya harusi alininong'oneza kwamba angetuacha huru sote, kidogo kidogo, nimpe muda tu. Muda huo aliutumia kujinunulia buti, kisha farasi. Jioni moja nikamsikia akiwaeleza wageni mezani: "Zamani nilikuwa mjinga. Hawa ukiwaacha huru watakufa njaa. Mimi ndiye ninayewabeba." Wakati huo mimi nilikuwa nimebeba bakuli lake la supu.

Bei ya pamba ilipopanda, akataka mashine mpya ya kuichambua. Ili aipate, akamuuza Phebe kwa mchuuzi wa watu aliyekuwa akielekea New Orleans.

Marehemu Sledge alikuwa mnyama, lakini alipouza mtu alisimama uani akatazama. Wadleigh alijifungia chumbani, akatuambia jino linamuuma. Phebe akasimama chini ya dirisha, kamba mikononi.

"Bwana Wadleigh! Jitokeze basi uniage!"

Pazia likatikisika, likatulia. Mchuuzi akavuta kamba. Nilimsindikiza mdogo wangu hadi langoni, mnyapara hakuniruhusu kupita hapo. Jioni Wadleigh akaagiza supu laini kwa sababu ya jino lake. Sikuona shavu lililovimba.

Kisha vita vya Kaskazini na Kusini vikaja, na siku moja wanajeshi wa Kaskazini wakaingia uani na magwanda yao ya buluu. Wadleigh akatoka mbio, amevaa koti kuukuu la ualimu.

"Ndugu zangu! Mimi ni mwenzenu! Nimeupinga utumwa tangu ujana wangu. Muulizeni huyu. Keziah, hebu waambie!"

Kapteni akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Nikafuta mikono kwenye aproni. Sikuwa na haraka.

"Ni kweli kabisa, bwana. Aliupinga mpaka siku alipopata watumwa wake."

Wanajeshi wakaangua kicheko. Wadleigh akawa mwekundu hadi masikioni.

"We mwanamke huna shukrani! Miaka yote hii nimekulisha!"

"Mpishi ni mimi, Bwana Orrin."

Wakachukua nyumbu na marobota yote ya pamba, naye akawakimbilia nyuma akidai stakabadhi. Mimi nikavua aproni, nikaitundika mlangoni, nikaondoka kwa miguu kumtafuta Phebe.

Vita vilipokwisha nilikutana na Mjomba Isom sokoni Vicksburg. Akanihadithia kwamba mjane alimkimbia mumewe akarudi kwa kaka yake, na kwamba msimu wa kwanza baada ya sisi sote kuondoka Wadleigh alichuma pamba mwenyewe, vidole vikachanwa na maganda, akilaani kila mche.

"Siku hizi anafundisha watoto kanisani kwa wazungu," akasema Isom. "Anawaambia alituacha huru kwa hiari yake. Halafu analia."

"Kamasi je?"

"Kama kawaida."

Tukacheka mpaka muuza samaki akageuka kututazama. Kisha nikamuuliza Isom kama ana habari zozote za Phebe. Hakuwa nazo. Akaninunulia kipande cha samaki wa kukaanga, nami nikashika njia ya Natchez, ambako walisema kuna kanisa la watu wetu nilikokuwa sijaulizia.