Nilisema Somoe Hakuniletea Daftari

Admin, naomba unifichie jina. Hata la mwenzangu nimelibadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nina mume na watoto watatu, tunaishi Likombe hapa Mtwara. Si mwenyeji, nililetwa na kazi. Nimesoma hadi kidato cha nne, kisha nikachukua cheti cha ukutubi. Shajara naandika kila siku tangu nikiwa shule, kwa hiyo haya ninayosimulia sikisii.

Kwa miaka kumi na mbili nilikaa dawati la kuazimisha vitabu katika maktaba moja mjini. Napokea kitabu, nagonga mhuri wa tarehe, nanyamazisha wanafunzi. Niliichoka kazi ile kiasi kwamba mlio wa mhuri nilikuwa nausikia hata nikiwa jikoni kwangu. Nilichokitaka ni chumba cha ndani, kwenye kuorodhesha: unakaa na kitabu kipya, unakielewa, unakipa namba na mahali pake rafuni. Niliomba kuhamishwa mara nne. Mwaka huu Mkuu wetu akanikubalia, lakini kwa majaribio ya miezi sita. Dawati akapewa Somoe, binti mwenyeji wa mtaa wa Ufukoni, aliyeajiriwa kwa mkataba. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa orodha ya vitabu vya kuondolewa, maana rafu zilikuwa zimejaa. Unafungua jalada la nyuma, unatazama karatasi ya tarehe. Kitabu ambacho hakijagongwa mhuri kwa miaka mitano, kinaondoka. Lakini aliyewahi kukaa dawatini anajua kasoro ya hesabu hiyo. Kuazima kunataka uanachama na mdhamini, na wasomaji wengi hapa hawana mtu wa kuwadhamini. Wanasoma humohumo, wanaacha kitabu mezani, wanakwenda zao. Kitabu cha namna hiyo hakipati mhuri hata kikisomwa mpaka jalada ling'oke. Ndiyo maana kila jioni dawati linahesabu vilivyoachwa mezani na kuviandika kwenye daftari, na orodha haifungwi mpaka ilinganishwe na daftari hilo.

Jumatano moja Somoe aliniletea daftari hilo nikiwa nakunywa chai.

"Shikamoo dada. Usinimwagie chai hapo. Hivi vya sayansi vinashikwa kila siku. Mkiviondoa, wale wanaorudia mtihani watanila nyama, na nyie watu wa bara mtakuwa mmejifungia ndani."

"Weka hapo, nitaangalia."

Kesho yake akalichukua, kwa sababu alilihitaji. Sikuwa nimelifungua. Mkuu alitaka orodha Ijumaa, na mimi nilitaka aone kwamba mtu wa dawati anaweza kazi ya ndani, tena kwa haraka. Usiku ule niliandika kwenye shajara: "Somoe kaleta daftari jana. Sijalipitia. Muda hautoshi."

Ijumaa nikaikabidhi orodha hivyohivyo. Vitabu vilichomwa nyuma ya jengo mbele ya kamati ya maktaba, nami nikasaini. Baada ya siku chache alikuja dada mmoja anayefanya usafi katika duka la Chikongola, mtoto mgongoni. Anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Alisimama mbele ya rafu, akapitisha mkono kwenye ubao mtupu.

"Mama, kile cha Baiolojia nilichokishona kwa uzi mmekihamishia wapi?"

Nikamwambia kimeazimwa. Alirudi siku tatu mfululizo kuuliza kama kimerudishwa. Ya nne hakuja, na mpaka leo sijamwona tena.

Walimu wakalalamika, wakubwa wakamhoji Mkuu, Mkuu akaniita. Akaniuliza swali moja tu, kama nililipitia daftari la mezani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili nithibitishwe. Nikasema, "Dawati halikuniletea." Sikujua nitasema hivyo mpaka nilipojisikia nikisema. Somoe akaandikiwa barua ajieleze kwa nini mkataba wake usisitishwe. Mimi nikathibitishwa.

Mchana wa siku aliyopewa barua alinifuata, ameishika mkononi.

"Dada, si nilikuletea mwenyewe? Ulikuwa na chai yako."

"Sikumbuki, Somoe."

"Hukumbuki? Wewe unayeandika mpaka saa ambayo mvua ilianza kunyesha?"

Akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha kunisuta. Nilitamani anitukane. Niliinamia kazi yangu mpaka akaondoka.

Nilipomweleza mume wangu, hakuzunguka. "Chana huo ukurasa yaishe. Yule bado kijana, atapata kazi kwingine. Wewe ukishushwa hapo hupandi tena." Sikuuchana, wala sikumwonyesha mtu. Najua Somoe anamtunza mama yake asiyeweza kutembea, na mshahara wa nyumba ile ni huo mmoja. Chumba nilichokililia miaka yote sasa nakaa ndani yake nikishika kitabu kimoja asubuhi nzima, nashindwa kukipa namba. Kila nikifungua jalada la nyuma namwona yule dada na mtoto wake.

Juzi Somoe alipita mlangoni kwangu. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. "Utetezi nimeumaliza, dada. Wameniambia nitaje shahidi, nimekuandika wewe. Ukikaa ukatulia utakumbuka tu. Sina mwingine aliyeniona nikilileta."

Kikao cha kumsikiliza ni Jumatatu. Nikisema kweli, kazi hii inakwisha, na huenda hata dawatini sitarudi, kwa sababu nimewadanganya wakubwa. Nikisema sikumbuki, atatoka pale hana kazi na ataendelea kuamini kwamba nilisahau. Nimebakiwa na siku nne, ndugu zangu. Nitukaneni kama nastahili, lakini mkimaliza nishaurini. Huyu binti atakaponigeukia mbele ya kikao, nimjibu nini?