Mtu Aliyeihutubia Mashine

Mama Ismaël alipaswa kusikia kifo cha mwanawe Sumaili kutoka kinywani mwa Ismaël, kifungua mimba wake. Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, ndivyo habari ya msiba inavyopelekwa: mkubwa wa familia huambiwa peke yake, naye hutafuta wakati na maneno. Badala yake mama huyo aliisikia sokoni, akipima mawese, kwa abiria wa pikipiki aliyemwuliza kama kilio kimeshaanza.

Kosa hilo lina mwenyewe. Anaitwa Dominique, na hadi leo anaamini kwamba aliandika vizuri.

Dominique ni mtu wa hotuba. Harusi ikifungwa, darasa likizinduliwa, mgeni akishuka kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, yeye ndiye anayepewa kipaza sauti, na hakirudishi upesi. Chama cha waendesha pikipiki wa njia ya Kabambare kilipoweka programu ya akili bandia katika kundi lake la ujumbe wa simu, madereva waliibatiza Karani, na kazi ya kuiandikia maelezo akapewa Dominique. Hakuna aliyeuliza kama anaweza kueleza kitu. Alijulikana kwa kusema, ikatosha.

Karani ana zana tatu tu. Moja humwandikia mtu mmoja, nyingine hutangaza kwa kundi zima, ya tatu huonyesha kwamba njia imefungwa. Kabla ya kuchagua, husoma maelezo mafupi ya kila zana. Hana kingine cha kumwongoza. Yakisema kitu, huchagua sawasawa. Yasiposema, hubahatisha.

Ya Dominique hayakusema kitu. Zana ya kwanza: “Kwa heshima na taadhima, pokea chombo hiki kitukufu, tunda la umoja wetu, kinachopeleka neno kwa wahusika.” Ya pili: “Kwa furaha isiyo kifani, pokea chombo hiki bora, nguzo ya udugu wetu, kinachofikisha neno kunakohusika.” Katika ya tatu alimshukuru mwenyekiti, kamati na wake wa kamati kabla ya kuitaja barabara.

Asubuhi ya msiba, dereva Ushindi alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Namba ya Ismaël hakuwa nayo. Karani anazo za familia zote. Akamwandikia Karani: shimo limebomoka, Sumaili amekufa, mjulishe Ismaël. Karani akasoma hotuba zile mbili, akachukua moja. Kundi zima likajulishwa, na madereva wakawaambia abiria.

Mchana Mado, makamu wa mwenyekiti na muuza vitenge, alimkuta Dominique uani kwa akina Ismaël, kwenye kilio, ameketi safu ya mbele, akingoja kupewa neno.

“Papa Dominique, simama. Ushindi anatafuta namna ya kuleta maiti. Ikishindikana, ataandika tena. Unataka mama wa watu asikie na habari ile barabarani?”

“Ni mashini ilikosea, Mama Mado. Mimi niliandika Kiswahili ya kitabu.”

“Nilisoma ile kitabu yako. Nilifikiri tuko kwenye harusi, tunaoza mutoto.”

Wazee wawili wakacheka, wakakumbuka walipo, wakakohoa.

“Sasa niandike nini?”

“Kile inafanya. Nani anaona, nani haoni. Wakati gani isiguswe.”

“Bila salamu?”

“Unamusalimia nani? Ile mashini ilishakuuliza bibi yako iko namna gani?”

Akaandika kwenye simu, Mado akiwa amemsimamia begani. “Humwandikia mtu mmoja. Wengine katika kundi hawaoni. Tumia hii kwa habari ya kifo, ya ugonjwa, na kwa kila ujumbe unaotaja jina la mtu wa kupelekewa.” Kisha: “Hutangaza kwa kundi zima. Usiitumie kwa habari ya kifo mpaka mkubwa wa familia aruhusu.” Ni maandishi bora kuliko yote aliyopata kuyatoa, na aliyaandika kwa uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Kidole kilipoanza kutafuta “asante”, Mado akamnyang'anya simu.

Alasiri simu moja tu ililia pale uani. Ismaël akasoma: daraja limekatika, maiti haiwezi kupita, Sumaili amezikwa Salamabila na ameswaliwa. Hakumwambia aliyeketi naye. Alivuka akaenda upande wa wanawake, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamweleza kwa sauti ya chini.

Mama akamshika mkono. Hakulia mara moja. Aliuliza nani aliyemwosha.

“Ushindi na wenzake, mama. Maji ilikuwa ya moto.”

Hilo la maji halikuwamo katika ujumbe. Mama akatikisa kichwa, kisha akaanza kulia, na wanawake wakasogea kumzunguka.

Upande wa wanaume, Dominique alikuwa akimweleza jirani yake kwamba maandishi yale makavu si ya mkono wake.