Ng'ombe wa Maganda ya Nyenje

Likizo ile binti yangu alikaa Ngaramtoni kwa mama yangu, ambaye yeye humwita koko, kama watoto wa Kiarusha wanavyowaita bibi zao. Alikuwa na miaka minane. Sisi tunakaa Kijenge, nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji, na mtoto akiinama pale anaokota vizibo vya soda tu. Kwa koko shamba la kahawa limezungukwa na miti ya mgrivelia, na jua likiwaka nyenje wanalia mpaka husikii simu yako. Nyenje akifikia kukomaa hupasuka mgongoni, hutoka na mabawa mapya akaruka zake, na ganda lake la zamani hubaki limeng'ang'ania gome la mti: kavu, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, miguu yote ipo, hata macho. Binti yangu alirudi mjini na kopo zima la maganda hayo.

Shule zilipofunguliwa mwalimu wa darasa akaagiza kila mtoto alete kazi ya mikono iliyotengenezwa kwa vitu vya asili, ya kuonyeshwa siku ya wazazi. Wazazi wenzangu walikwenda dukani kununua vikapu vilivyosukwa tayari. Mimi nilimwacha wangu afanye mwenyewe. Kila jioni alikaa sakafuni na gundi ya mbao na kipande cha boksi. Akajenga boma. Ua wake ulikuwa miiba ya mgunga, lango lilikuwa mabawa magumu ya mende wa samadi, na maganda ya nyenje ndiyo yaliyokuwa ng'ombe, wenye pembe za vijiti vya nyasi. Moja lilikuwa limepoteza miguu miwili, akalilaza pembeni. "Huyu anacheua," akaniambia. Baba yake, aliyechunga ng'ombe utoto wake wote, alipiga magoti akaangalia, akasema, "Dume lako limesimama kama twiga anayekunywa maji. Mbane miguu kidogo." Wakambana miguu pamoja.

Jumatatu akaipeleka kazi yake shuleni, ameishika kwa mikono miwili kama sinia la chai. Jioni alirudi mikono mitupu. Hakula. Nilipombembeleza sana akasema, "Mwalimu amesema ni vitu vya uchawi. Amevichoma."

"Amevichomea wapi?"

"Kwenye shimo la taka. Darasa zima tulisimama tukaangalia. Halafu tukaomba."

"Na wewe uliomba?"

"Aliniambia nirudie maneno ya kukemea. Nikarudia."

Mume wangu alisema niende taratibu, walimu nao ni binadamu. Sikwenda taratibu. Asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu kabla ya kengele. Mwalimu mwenyewe ni mdogo kwangu, akasema, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani ni tusi, nami nilikusudia tusi.

"Mama, nilikuwa nawalinda watoto," akasema. "Wadudu waliokufa, wamepangwa kwa duara, wamezungushiwa miiba. Na mzazi mmoja amepiga simu, mtoto wake aliogopa."

"Ni boma! Hujawahi kuona boma, mwalimu, na unaishi Arusha? Na hakuna mdudu aliyekufa pale. Nyenje amevua ngozi akaruka. Hatua za kukua kwa mdudu umezibandika wewe mwenyewe, picha ile pale nyuma yako."

Hakugeuka kuitazama. Mwalimu mkuu akatokea, mtu mpole wa sauti ya chini, akasema tuyamalize, shule itamnunulia mtoto boksi la rangi. Hapo ndipo damu iliponichemka kweli. Rangi!

"Sitaki rangi. Nataka mwalimu asimame mbele ya watoto wale wale, aseme mwanangu hakuleta uchawi."

"Hilo litamvunjia mwalimu heshima, mama."

"Na ya mwanangu mmeiweka wapi? Shimoni?"

Akatazama saa yake. Nikakaa kwenye benchi la nje nikawaambia sitoki. Watoto wakasoma, wakatoka, wakanywa uji, mimi nipo. Mwishowe wakachoka kunipita. Tukaenda darasani watatu, mimi nikasimama mlangoni. Mwalimu akasema, macho yakiwa dirishani, "Jana kulikuwa na kutoelewana. Ile kazi haikuwa mbaya." Basi. Neno uchawi hakulitaja, wala hakumtazama mwanangu, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye dawati la watu watatu.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, mbona tuliichoma?"

"Fungueni vitabu," akajibu.

Siku ya wazazi meza ilijaa vikapu vya dukani, kimoja bado kina kibandiko cha bei. Mwalimu mkuu alisifu ubunifu wa watoto wetu, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Wiki zote zilizofuata hakuna aliyetaka kukaa na binti yangu, na muhula ulipoisha tulimhamisha. Shule mpya wanamwita kwa jina lake tu, na hilo nashukuru.

Lakini likizo iliyofuata, mama yangu alimwangulia ganda kubwa kutoka kwenye mgrivelia, akamwekea dirishani akijua atafurahi. Mtoto alilitazama kwa mbali, mikono nyuma ya mgongo, akauliza, "Koko, uliomba kabla ya kulishika?"

Mama alinipigia simu kunisimulia, huku anacheka. Mimi nilikata simu, nikatoka uani nikasimama juu ya ile saruji, nikalia kwa hasira.